Kabari Kwanza, Jeki Baadaye

Kabari ya tairi ni kipande cha mti, mpira, plastiki ngumu au chuma kilichochongwa kwa mshazari, kinachowekwa chini ya tairi ili gari au tela lisisogee. Haina waya wa kulegea, mafuta ya kuvuja wala upepo wa kuisha. Katika viwanja vya ndege hakuna anayebishana kuhusu umuhimu wake: ndege ikisimama kwenye maegesho, mfanyakazi huingiza kabari kwenye magurudumu kabla ya shughuli nyingine kuanza kuizunguka. Barabarani na kwenye gereji za Afrika Mashariki kazi hiyohiyo huachiwa jiwe lililookotwa kando ya njia, na mara nyingi zaidi huachiwa breki ya mkono peke yake. Wanaoumia ni fundi aliyelala chini ya gari, utingo aliyesimama nyuma ya tela, na mtoto anayecheza chini ya mteremko ambako gari halikutarajiwa kufika.

Nguvu inayotaka kuliondoa gari lililosimama ni uzito wa gari lenyewe. Kwenye mteremko wa asilimia 7, yaani barabara inayoshuka mita 7 katika kila mita 100, gari husukumwa kwa nguvu inayokaribia asilimia 7 ya uzito wake. Kwa gari dogo la kilo 1,300 hiyo ni nguvu ya kilo 90 hivi, ambayo watu wawili wanaweza kuizuia kwa mikono. Kwa lori na tela lake lenye jumla ya tani 56, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ni karibu tani 4. Hata mteremko wa asilimia 2, ambao kwa macho huonekana tambarare, hulisukuma lori hilo kwa zaidi ya tani 1, na hiyo inatosha kuliondoa. Dereva anayesema "hapa ni sawa tu, pako flati" amepima kwa macho kitu ambacho macho hayakipimi vizuri.

Breki ya mkono ndiyo ulinzi wa kwanza, na inapaswa kuvutwa kila mara. Lakini ina mipaka ambayo madereva wengi hawajawahi kuelezwa. Kwenye magari madogo mengi hufunga tairi za nyuma tu. Nyuma yote ikiinuliwa kwa jeki, breki hiyo inashikilia tairi zilizo hewani, na zile za mbele ziko huru kubingirika. Waya wake hurefuka kadiri miaka inavyokwenda, na bitana zake huliwa. Gari lililokuwa likisimama vizuri mwaka jana linaweza mwaka huu kushindwa kilima kilekile.

Hatari kubwa zaidi imejificha ndani ya difu. Kazi ya difu ni kuruhusu tairi mbili za ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Bila uhuru huo tairi zingeburuzwa. Lakini uhuru huohuo hugeuka kuwa mtego gari linapoinuliwa upande mmoja. Chukua Canter, lori dogo linalobeba mchanga, ndizi na samani katika kila mji wa Tanzania. Mengi kati ya magari hayo yana breki ya kuegeshea ambayo haiko kwenye tairi. Ni ngoma iliyo nyuma ya gia boksi, na inafunga propela shafti. Tairi zote mbili za nyuma zikiwa chini, gari haliondoki. Inua tairi moja ya nyuma, na mambo yanabadilika papo hapo: shafti bado imefungwa, lakini tairi iliyo hewani sasa inaweza kuzunguka kinyumenyume bila kizuizi, na kwa hiyo ile iliyobaki chini inaweza kubingirika mbele. Breki imevutwa hadi mwisho, na gari linatembea. Land Rover Defender lina breki ya aina hiyohiyo, na fundi asiyejua jambo hili hujiona salama kwa sababu amesikia breki ikikaza.

Kuacha gari kwenye gia, au kwenye P kwa gari la otomatiki, hakuondoi tatizo hilo. P hufunga meno ndani ya gia boksi, na kutoka hapo nguvu ya kuzuia lazima ipite kwenye difu kabla ya kufika kwenye tairi. Gari linaloendeshwa na tairi za mbele likiinuliwa tairi moja ya mbele, P haishikilii tena chochote cha maana. Kinachobaki ni breki ya mkono ya nyuma, kama ni nzima. Kwenye gari la kuendeshwa kwa tairi zote nne lenye gia ya pili ya kuchagua nguvu, gia hiyo ikiwa katikati, P haina uhusiano wowote na tairi. Kwa hiyo kabari haiongezi tu nguvu juu ya ulinzi uliopo. Inafanya kazi kwenye tairi moja kwa moja, mahali ambapo difu, shafti na waya haviwezi kuingilia.

Malori makubwa yana mpango mwingine. Breki zao za kuegeshea hufungwa na springi nzito zilizo ndani ya vyumba vya breki, na upepo ndio unaozifungua. Upepo ukiisha, springi hufunga. Mpango huu ni mzuri na umeokoa watu wengi, lakini unategemea mambo mawili. La kwanza ni marekebisho: springi ina urefu maalumu wa kusukuma, na breki zikiwa zimelegea hufika mwisho wa safari yake kabla ya kukandamiza bitana vya kutosha. La pili ni kwamba si kila tela lina springi hizo. Matela ya zamani hushikiliwa na upepo uliobaki kwenye matangi yake baada ya kuachwa na kichwa, yaani gari la kuvuta. Upepo huvuja polepole, kwa saa au kwa siku, na breki hulegea pamoja nao. Tela lililoachwa jioni likiwa limeshika linaweza kuondoka lenyewe usiku wa manane. Kwa tela la namna hiyo, kabari ndiyo breki pekee ya kuegeshea iliyopo.

Kuna hali nyingine inayowahusu moja kwa moja madereva wanaoshuka Mlima Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida, au bonde la Mai Mahiu nchini Kenya. Breki zilizotoka kushuka mlima huwa na joto kali. Mwongozo unaotumiwa Marekani kufundishia madereva wa magari makubwa unaelekeza kwamba breki zikiwa katika hali hiyo zisifungwe kwa kuegesha, kwa kuwa joto linaweza kuziharibu. Gari lizuiwe kwa kabari hadi zipoe. Ushauri huo unastahili kubandikwa kwenye kila kituo cha malori kilicho chini ya mlima, kwa sababu hapo ndipo dereva aliyechoka husimama kunywa chai, huvuta breki na kuondoka.

Kabari isiyolingana na tairi humpa mtu imani asiyostahili kuwa nayo. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kimo cha kabari kikaribie robo ya kipenyo cha tairi. Kwa gari dogo lenye tairi ya sentimita 62, hiyo ni sentimita 15 hivi. Kwa tairi ya lori ya 315/80 R22.5, yenye kipenyo cha takriban sentimita 108, ni sentimita 27.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Nguvu inayohitajika ili tairi ipande juu ya kizuizi hutegemea kimo cha kizuizi hicho kikilinganishwa na nusu ya kipenyo. Kizuizi chenye kimo cha robo ya kipenyo huhitaji nguvu ya mara 1.7 ya uzito uliobebwa na tairi hiyo kabla hakijarukwa. Jiwe la sentimita 5 mbele ya tairi ya lori hurukwa kwa nguvu isiyofika hata nusu ya uzito huo. Sasa rudi kwenye lori la tani 56 lililosimama kwenye mteremko wa asilimia 7. Ekseli yake moja ya tela ikiwa imebeba tani 8, kila upande unabeba tani 4. Jiwe la sentimita 5 upande mmoja linazuia chini ya tani 2. Weka mawe mawili kama hayo, moja kila upande, na bado hayafikii zile karibu tani 4 zinazolivuta lori kuteremka. Lori litapanda juu ya mawe yote mawili na kuendelea. Kabari moja ya sentimita 27, ikiwa imetulia mahali pake, inaweza kuzuia karibu tani 7.

Maneno "ikiwa imetulia mahali pake" yana uzito. Kabari nzuri ina kitako kipana na uso wa mshazari, au uliopinda kufuata duara la tairi. Tairi inapoanza kuusukuma uso huo, sehemu ya uzito wa gari hukandamiza kabari ardhini, na kadiri gari linavyosukuma ndivyo kabari inavyong'ang'ania. Jiwe la mviringo halina uso wala kitako. Linabingirika, linapasuka, au linachomoka pembeni kwa kasi. Tofali la saruji ni baya zaidi, kwa sababu linaonekana imara na hubomoka ghafla. Mpira hushika vizuri kwenye lami na sakafu ya saruji. Chuma kitupu huteleza kwenye sakafu ngumu isipokuwa kiwe na meno au kitako cha mpira. Kwenye matope na mchanga hata kabari nzuri huzama, na inafaa kuwekewa ubao mpana chini yake.

Anayechonga mwenyewe achague mti mgumu na mkavu, usio na ufa wala fundo kubwa, na nyuzi zake zilale kwa urefu wa kitako ili ncha isimeguke. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tairi moja iliyokwisha, na seremala yeyote anaweza kuichonga kwa muda mfupi. Jambo la kusikitisha ni kwamba semi-tela nyingi zilizotumika Ulaya huletwa zikiwa na vishikizo vya kabari vilivyofungwa kwenye chasisi tangu kiwandani. Ujerumani, kwa mfano, sheria hulazimisha semi-tela kubeba kabari mbili. Makubaliano ya Ulaya ya usafirishaji wa bidhaa hatari hutaka kila gari linalobeba mizigo hiyo liwe na kabari angalau moja inayolingana na uzito wa gari na ukubwa wa tairi. Tela likifika huku, kishikizo hubaki na kabari hupotea.

Mahali pa kuiweka hutegemea ardhi inainamia wapi. Kwenye mteremko, kabari hukaa upande wa chini wa tairi, upande ambao gari lingeelekea. Ardhi ikiwa tambarare au isiyoeleweka, tairi moja huzuiwa mbele na nyuma. Kabari iguse tairi katikati ya upana wake, ikiwa imenyooka. Ikikaa pembeni tu, tairi itaipiga teke na kuizungusha. Kwenye tairi pacha, iwekwe chini ya tairi zenyewe, isichomekwe katika nafasi kati yake, ambako inaweza kukwama na kuharibu kuta za tairi. Tairi za mbele zinazokata kona hazifai kutegemewa kama kuna nyingine, kwa kuwa usukani ukigeuka tairi hujitoa. Nafasi ya sentimita chache kati ya tairi na kabari ni kosa linaloonekana dogo, ila gari likipata mwendo kidogo kabla ya kugusa, nguvu ya mgongano huongezeka sana.

Barabara ya mjini yenye ukingo inatoa msaada wa ziada. Mahali ambapo magari huendeshwa upande wa kushoto, gari lililoegeshwa likiangalia chini ya kilima hugeuziwa tairi za mbele kuelekea ukingo. Likiangalia juu, hugeuziwa upande wa kulia, ili likirudi nyuma tairi iegemee ukingo. Migodini kanuni ni ya namna hiyo: Marekani, mtambo ukiegeshwa kwenye mteremko lazima tairi zake ziwekewe kabari au zigeuziwe kwenye ukuta wa udongo.

Kazi ya kuinua gari huanza kabla jeki haijatolewa kwenye buti. Gari hupelekwa mahali pagumu na tambarare, hata kama ni kutembea polepole na pancha kwa mita kadhaa. Tairi iliyoharibika ni hasara ndogo kuliko mguu uliovunjika. Breki ya mkono huvutwa, gia huingizwa, abiria hushuka na kusimama mbali na barabara, na pembetatu za kuakisi mwanga huwekwa. Kisha kabari. Inayobeba jukumu kubwa ni ile ya tairi iliyo mkabala kwa pembe na ile inayoinuliwa: ukiinua ya mbele kushoto, zuia ya nyuma kulia. Penye kabari za kutosha, tairi zote za ekseli inayobaki chini huzuiwa. Nati hulegezwa kidogo gari likiwa bado chini, kwa sababu nguvu ya kuvuta spana wakati gari limesimama juu ya jeki inatosha kulisukuma litoke.

Jeki ya chupa na ile ya mkasi zina kitako chembamba. Gari likisogea sentimita chache tu, jeki huinama, na ikiinama huanguka. Jeki ya magurudumu ya gereji ina tabia nyingine: mkono wake hupanda kwa kufuata tao, hivyo ama jeki inajisogeza chini ya gari au gari linavutwa kuelekea jeki. Kabari hulazimisha jeki ndiyo isogee, mradi sakafu iwe safi na magurudumu yake yazunguke. Baada ya kuinua, uzito huhamishiwa kwenye stendi. Jeki huinua, haishikilii. Mpira mmoja wa ndani ukivuja, gari linarudi chini, na hakuna fundi mwenye kasi ya kutoka. Tairi iliyofunguliwa ikilazwa chini ya chasisi huwa akiba ya mwisho ya usalama. Inagharimu sekunde chache, na gereji nyingi hazifanyi hivyo.

Fundi anayerekebisha breki za lori ana sababu ya ziada ya kutanguliza kabari. Ili ageuze viungo vya marekebisho, ni lazima breki za kuegeshea zifunguliwe. Anayevuta lori lililokwama hukunja springi za breki kwa boliti maalumu ili tairi zizunguke. Katika hali zote mbili lori halina breki hata moja wakati mtu yuko chini yake. Bila kabari pande zote mbili za tairi, kazi hiyo haipaswi kuanza.

Kutenganisha na kuunganisha tela ndiko kunakoleta ajali za kushtua, kwa sababu dereva anakuwa nje ya kabini. Utaratibu ni kusimama tambarare, kufunga breki za kichwa na za tela, kuweka kabari kwenye tairi za tela, kushusha miguu hadi ibebe uzito, na ndipo mipira ya upepo na waya wa umeme hutolewa na kufuli kufunguliwa. Wakati wa kuunganisha, kichwa husukuma tela nyuma kinapoingia, na kabari zilizo nyuma ya tairi ndizo zinazolizuia. Kisha huja kosa ambalo hata madereva wazoefu hulifanya. Dereva amesahau kufunga breki ya kichwa, na kilichokuwa kikizuia gari lote ni springi za tela. Anashuka na kuunganisha mpira mwekundu wa upepo. Kama vali ya kuegeshea ya tela haikufungwa, upepo unaingia, springi zinafunguka, na lori lote linaanza kuondoka naye akiwa amesimama kati ya kabini na tela. Kabari kwenye tairi za tela humpa nafasi ya kuliona kosa lake akiwa hai.

Tela la trekta halina haya yote. Mengi yana ekseli moja na hayana breki kabisa. Likifunguliwa kwenye trekta bila kabari pande zote mbili za tairi, linashikiliwa na msuguano wa udongo tu. Mzigo ukiwa umelemea nyuma ya ekseli, mkono wa kuvutia huruka juu pini inapotoka, na humpiga aliyeinama kuichomoa. Kwa hiyo mzigo hupangwa au hupunguzwa kwanza, kisha kabari, kisha pini.

Kwenye milima, utingo amekuwa akibeba gogo la mti kwa miaka mingi, akitembea nyuma ya lori lililoelemewa, tayari kulisukuma chini ya tairi injini ikikata. Ujasiri wake hauna shaka. Utaratibu wenyewe ndio unaomuua. Gari linalorudi nyuma kwa kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, lina nishati ya kutosha kujiinua lote kwa sentimita 10. Nishati hiyo haihitaji kuinua lori lote ili kuruka gogo. Inahitaji kuinua ekseli moja. Kabari ni ya gari lililosimama. Likishaanza kurudi, wa kulisimamisha ni dereva kwa breki zake, na utingo anapaswa kuwa pembeni, nje ya njia. Lori lisiloweza kupanda lisimamishwe mapema, kwenye eneo pana, na kabari ziwekwe likiwa limetulia.

Kwenye maghala, foklifti inayoingia ndani ya tela hulisukuma kidogo kila inapofunga breki, na tela husogea mbali na jukwaa hadi pengo linafunguka. Kanuni za Marekani za usalama kazini hutaka lori lifungwe breki na liwekewe kabari chini ya tairi za nyuma kabla foklifti haijapanda. Kwenye vivuko, sakafu nayo hucheza na maji. Septemba 29, 2019, gari dogo lilirudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka kwenye kivuko cha MV Harambee huko Likoni, Mombasa, likiwa na mama na bintiye, na lilitolewa baada ya karibu wiki 2. Kati ya gari kusogea na gari kuwa majini palikuwa na mita chache tu. Abiria wa kivuko chochote ana haki ya kuona tairi za magari yaliyo mwishoni mwa safu zikiwa zimezuiwa.

Kuondoa kabari kuna hatari yake. Gari likiwa limeegemea kabari, haichomoki kwa kuvutwa, na anayeipiga kwa nyundo au teke anasimama mahali ambapo gari litapita. Dereva huwasha injini, hukanyaga breki, hulisogeza gari kidogo kupanda juu ili uzito utoke kwenye kabari, kisha hufunga breki tena. Aliye nje husimama pembeni ya tairi na kuivuta kabari kwa kamba au mnyororo uliofungwa kwenye kabari hiyo. Dereva haondoki hadi ameona kwa macho kabari zote mkononi mwa mwenzake. Akiwa peke yake, hulizunguka gari mara moja. Waliotumia mawe kwa dharura huyatoa barabarani na kuyatupa mbali, pamoja na matawi ya tahadhari, kwa kuwa jiwe lililoachwa kwenye lami usiku humngoja mwendesha bodaboda ambaye taa yake haifiki mbali. Kabari yenye ufa au iliyoliwa ncha haifai kurudishwa kwenye kishikizo; hutafutiwa nyingine kabla ya safari inayofuata.